Baridi ni Kazi Yangu

Desemba 2

Mama Punje amenipa daftari hili mkononi akasema, "Andika humo, masikio yetu yapumzike." Anadai tangu joto lianze nimezidisha domo. Ni kweli, na sina la kujitetea. Muuza barafu na aiskrimu akinyamaza wakati wa joto, watu watadhani amefiwa. Basi nitaandika, na siku nikikosa la kuandika nitaandika hali ya hewa.

Jua kali tangu asubuhi. Mafriza yote yananguruma vizuri.

Desemba 4

Kliniki. Punje ni binti yetu wa pekee, ana miaka kumi na tatu, na ukimwona kwa mgongo utasema ana minane. Jina hilo nilimpa mimi alipokuwa mchanga, likamganda. Miaka yote tulisema amemrithi bibi yake, mama yangu, ambaye alikuwa mfupi hivyohivyo. Tulicheka, tukamtania, tukampandisha juu ya kreti dukani ili wateja wamwone. Mwaka huu ndipo tukaambiwa kuna kitezi kidogo chini ya ubongo ambacho hakitoi homoni ya ukuaji ya kutosha. Hakuna aliyetulaumu kwa kuchelewa. Afadhali wangetulaumu.

Tangu Septemba anachomwa sindano na mama yake kila jioni. Ni homoni ileile ambayo mwili wake ungetakiwa kuitengeneza wenyewe. Dawa inakaa kwenye kichupa, kichupa kinaingia kwenye kitu mfano wa kalamu, unazungusha kipimo, unabonyeza pajani au tumboni, basi.

Leo nesi alimsimamisha ukutani, akateremsha kile kibao hadi kwenye utosi. Ameongezeka sentimita mbili na nusu. Punje akaomba apimwe tena, asije akawa amesimama vibaya. Akapimwa tena, zikawa zilezile. Mama yake akageukia dirishani akijifanya anatazama magari.

Daktari ni mwanamke mpole, hana maneno mengi. Alisema, "Tumeanza tukiwa tumechelewa kidogo. Mifupa ya msichana hufunga mapema, na ikishafunga dawa haiwezi tena kumwongezea urefu. Huenda akaihitaji hata ukubwani, kwa ajili ya nguvu na moyo na mifupa yenyewe. Lakini urefu ni sasa. Msipoteze mwezi."

Nesi akatupa maboksi ya miezi mitatu. Akaanza, "Sasa baba, hii ikae kwenye baridi, ila msije…" Nikamkata kauli. "Sista," nikamwambia, "mtaa mzima unakunywa barafu yangu. Baridi ni kazi yangu." Akacheka. Punje akafunika uso kwa mikono. Kisha nesi akaitwa chumba kingine, nasi tukaondoka tukiwa tumevimba kwa furaha.

Desemba 9

Umeme umekatika tangu jana mchana. Friji ya nyumbani imetoa maji hadi mlangoni. Nilikurupuka, nikabeba maboksi yote ya dawa nikayakimbiza dukani, maana kule nina jenereta. Nimeyaweka kwenye friza la mwisho, chini kabisa, ambako hata nikifungua mfuniko mara mia baridi haitikisiki.

Mama Punje aliuliza, "Una uhakika hayataharibika humo?"

"Kitu kilichoganda hakiharibiki. Wewe unadhani nyumba hii tumeijenga kwa pesa ya nini?"

Utaratibu nimeupanga mwenyewe. Boksi moja litakuja nyumbani pale linapohitajika, na nitaliyeyusha taratibu ndani ya friji, kama ninavyoyeyusha samaki ninaowahifadhia watu wa hoteli. Ukiyeyusha kitu juani unakiua. Hayo hayafundishwi hospitali.

Desemba 10

Jua.

Desemba 16

Likizo, kwa hiyo Punje yupo dukani. Akitaka kuchota barafu iliyo chini ya friza inabidi ajikunje juu ya ukingo, miguu ikining'inia hewani. Fundi cherehani wa jirani akamwona akasema, "Baba Punje, friza lako limemeza mtoto." Punje akajibu akiwa humohumo ndani, "Likinitapika utanishonea gauni, kitambaa hakitakuishia." Duka zima likacheka. Mtoto huyu ulimi wake ulishakua zamani, umetangulia kumsubiri.

Tulipokuwa tunafunga, nilimuuliza anataka kuwa mrefu kiasi gani. Nilidhani ataleta mzaha. Alisema, "Nataka tu mtu akiniuliza nina miaka mingapi, nikimjibu asicheke." Nikafagia mahali nilipokwisha kufagia.

Ameomba awe anachoma sindano mwenyewe chumbani kwake. Anasema amekua. Tumemkubalia.

Desemba 27

Kichupa kimoja nimekikuta kimepasuka ndani ya boksi. Viwanda vya siku hizi vinatengeneza vioo kama maganda ya mayai. Vingine vizima, dawa yake nyeupe kama maji ya kunywa. Sikumwambia mtu, wasije wakanikoroga kwa maswali.

Januari 3

Umeme umekwenda na kurudi, umekwenda na kurudi. Nimejisifu mbele ya mama Punje kwa uamuzi wangu wa friza. Amekiri nilifanya vizuri. Nimeandika hapa maana hakiri mara nyingi.

Januari 11

Shule zimefunguliwa. Punje anarudi amechoka, anatupa mkoba na kulala kabla ya chakula. Miezi ile ya mwanzo ya dawa alikuwa harudi nyumbani mpaka aitwe. Nimemwambia aache uvivu.

Januari 19

Joto la kupasua kichwa. Wateja hadi usiku kuingia. Nimechoka vizuri.

Januari 30

Punje kajipima mwenyewe kwenye fremu ya mlango wa jikoni, kwa penseli. Nilipouliza vipi, akasema, "Penseli haina ncha." Nikaamini ni penseli.

Februari 10

Nitaandika yote, hata ikibidi nikeshe.

Tulikuwa kliniki asubuhi. Nesi akateremsha kibao, akakiinua, akakiteremsha tena. Akaita mwenzake. Kisha akamwita daktari. Hajaongezeka hata kidogo. Daktari akafungua majibu ya damu iliyotolewa wiki iliyopita, akayasoma, akavua miwani.

"Damu inaonyesha kama vile hapati dawa kabisa," alisema. Akatuuliza, "Mnaihifadhi vizuri?"

Nilikuwa na hasira tayari, sijui nilimkasirikia nani. Nikasema, "Hapo usipoteze muda, daktari. Baridi ni kazi yangu."

Akatikisa kichwa kukubali, akamgeukia Punje. Kwa upole kabisa akamwambia, "Wasichana wengi wa umri wako huchoka na sindano. Hakuna atakayekugombeza. Kuna siku unaruka?"

"Hapana."

"Hata moja moja?"

"Hapana, daktari. Sijawahi."

Daktari akasema turudi wiki ijayo tukiwa na kalamu na vichupa vyote vilivyobaki, aangalie kila kitu kuanzia mwanzo. Akatukumbusha habari ya mifupa. Picha ya eksirei ya mifupa ya mkono wa Punje inaonyesha muda uliobaki si mwingi.

Tulipofika nyumbani, Punje akaenda jikoni kuosha vyombo, na mimi nikamfuata. Nilisema nitazungumza taratibu. Mama Punje alikaa kwenye kiti cha mlangoni, mkoba bado uko begani.

"Dawa inakwenda wapi?" nikamuuliza.

"Naichoma, baba."

"Ukiichoma ingeonekana. Damu haisemi uongo."

"Labda dawa yenyewe ndiyo mbaya."

"Dawa hiihii ilikurefusha mwaka jana ulipokuwa unachomwa na mama yako. Umeanza kujifungia chumbani, haifanyi kazi. Nani amebadilika, dawa au wewe?"

Aliweka sahani chini. Mikono ilikuwa inatiririka maji. Akaniangalia usoni, akasema, "Baba, sijawahi kuruka hata siku moja. Kuna siku nachoma huku nalia, lakini nachoma."

Na mimi, ambaye mtoto huyu nimemjua tangu siku ya kwanza, ambaye sijawahi kumkamata na uongo hata wa sukari, nikamwangalia machoni na sikumwamini. Nilimwita mwongo. Nikasema watoto wa wenzetu wanatamani dawa hiyo wasiipate, yeye anaimwaga kwenye sinki. Nikasema akibaki hivyohivyo alivyo asije akamlilia mtu.

Alimtazama mama yake. Mama yake akatazama mkoba.

Kuanzia leo atachoma sebuleni, mbele yetu. Na dukani haendi mpaka dawa ionekane kazi yake. Nimeyasema hayo nikaona ni ya haki. Lakini lile la "usije ukamlilia mtu" lilinitoka, na limekaa kifuani kama tonge la moto. Ningeweza kwenda kugonga mlango wake sasa hivi. Siendi, maana nikianza kuomba radhi leo, kesho ataona namtania.

Februari 11

Kachoma sebuleni. Alilazimika kupandisha sketi na kugeukia ukuta. Mimi nilishika tochi ya simu kwa sababu umeme haukuwepo. Hatukuangaliana.

Februari 12

Kachoma.

Februari 13

Kachoma. Fundi cherehani kauliza Punje yuko wapi, duka limekuwa kama ofisi ya kodi. Nikasema ana masomo.

Februari 14

Kachoma. Nimepekua chumba chake akiwa shuleni, chini ya godoro, ndani ya viatu, nyuma ya kabati. Sikukuta kitu. Nilirudisha viatu vibaya, na jioni nilimsikia akivipanga upya.

Februari 16

Amekiri.

Ilianza na mama yake. Tulikuwa mezani tukila cha mchana, mama Punje akaweka kijiko chini na kuanza kulia, kilio cha mtu aliyekibana siku nyingi. Akasema, "Mwanangu, mimi sitaki kukuadhibu. Nataka tu kujua, ili nijue nifanye nini. Kutojua kunaniua." Punje akamwangalia. Kisha akasema, "Sawa. Nilikuwa naruka."

"Mara nyingi?" nikauliza.

"Mara nyingi."

"Ulikuwa unaipeleka wapi?"

"Kwenye sinki. Kama ulivyosema."

Mama yake akamkumbatia, akilia zaidi, lakini sasa kwa nafuu. Na mimi niliinuka nikamshika bega nikamwambia nimemsamehe, kwamba kukiri ni ushujaa, kwamba kesho tunaanza upya. Akasema, "Sawa, baba," bila kupandisha wala kushusha sauti. Nilijiona baba wa kupigiwa mfano. Nimelala mchana wa leo usingizi mzito kwa mara ya kwanza wiki hii.

Februari 17

Nimempigia daktari. "Mkosaji amepatikana," nikamwambia, "na amekiri mwenyewe." Daktari akacheka kidogo, akasema ndivyo inavyokuwa mara nyingi, asimamiwe tu, na tukutane Machi. Akauliza kama bado tungependa kuja na vichupa wiki hii. Nikasema hakuna haja, joto limepamba moto, siwezi kuacha duka.

Nimemruhusu Punje arudi dukani. Amekuja, amepanga vikombe, ameuza. Fundi cherehani alimrushia utani wake, akamjibu, "Karibu." Mteja mwingine angeridhika kabisa.

Februari 24

Kachoma. Joto.

Machi 1

Kachoma. Nimemwambia mama Punje kwamba mtoto amekomaa, hana tena makelele. Akasema, "Amekomaa au amezimika?" Nikamwambia aache kutafuta maneno.

Machi 7

Kachoma. Mtihani wa hesabu kapata vizuri. Nikampa aiskrimu ya kakao, ile anayoipenda. Aliishika mpaka ikaanza kumwagikia mkononi, ndipo akala, ili tu nisiulize.

Machi 12

Sijui nianzie wapi. Nianzie kwenye sanduku langu la baridi.

Leo nilikwenda peke yangu kuchukua dawa za miezi mitatu mingine, kabla ya Punje kwenda kupimwa. Nilibeba sanduku langu bora, lile jekundu, nimelijaza barafu mpya iliyopasuliwa vizuri. Nilitaka nesi aone watu wa kazi wanavyobeba dawa. Akanikabidhi maboksi, nikafungua mfuniko, nikaanza kuyachimbia ndani ya barafu, moja baada ya jingine, nikisindilia.

Nesi akanishika mkono. Alinishika kwa nguvu, kama mtu anayemvuta mtoto barabarani.

"Baba, unafanya nini? Unaigandisha."

"Ndiyo, si inatakiwa baridi?"

"Baridi ya friji. Hii ikiganda imekufa. Haifai tena hata ukiiyeyusha, hata ikionekana safi kama maji." Alikwisha kuyatoa, anayafuta kwa kitambaa, anayashika moja moja. Kisha akasimama. Nadhani aliona uso wangu. "Kwani nyumbani mnaiweka wapi?"

Nimezungumza maisha yangu yote. Nimeuza barafu kwa mdomo kuliko kwa mikono. Lakini pale yalinitoka maneno mawili tu. Nikasema, "Kwenye friji." Nesi akasema, "Haya, nilishtuka." Akanitafutia kifuko cha baridi, akakifunga kwa taulo, akakitenga na dawa kwa katoni, huku akinieleza kila hatua. Nilisimama nikamsikiliza mpaka mwisho. Ni mara ya kwanza nilimsikiliza mpaka mwisho.

Nilikaa kwenye benchi nje ya hospitali, sanduku jekundu limejaa barafu ya kumwaga. Yote yakaja bila kuitwa. Kichupa kilichopasuka. Uchovu wake. Penseli isiyo na ncha. Alikuwa anachoma kila jioni, wakati mwingine akilia, na alikuwa anachoma maji matupu niliyomwandalia mimi kwa ustadi, nikiyayeyusha taratibu.

Na akakiri. Hilo ndilo lililonitoa machozi pale kwenye benchi, watu wakipita. Mtoto wangu alikiri kosa ambalo halikuwepo, kwa sababu hatukumwachia kitu kingine cha kusema.

Machi 13

Dawa mpya iko kwenye friji ya nyumbani, rafu ya kati. Nimenunua betri ya kuiendesha umeme ukikatika. Mama Punje kauliza mbona nimeacha friza. Nikasema linahitaji kufanyiwa usafi. Ningeweza kusema kweli palepale, mdomo ulikuwa wazi kabisa.

Machi 14

Kachoma. Nimekaa kwenye kochi, tochi mkononi, namlinda mwizi ambaye ni mimi.

Machi 15

Mama Punje anasema, "Sasa anasimamiwa vizuri, safari hii kipimo kitapanda. Utaona." Na kweli kitapanda. Hapo ndipo ninapotetemeka. Kitapanda, nao wote watasema: mnaona, alipoacha kuruka. Daktari atasema hivyo, mama yake atasema hivyo, na Punje atakaa akisikiliza. Nikinyamaza tu, mambo yatajipanga yenyewe vizuri, na hakuna atakayejua kamwe. Sijafanya kazi yoyote rahisi kama hiyo.

Machi 16

Kachoma. Mawingu.

Machi 17

Nilimwambia mama Punje asubuhi, kabla ya duka. Nilidhani atapiga kelele. Alikaa kitandani akafunga macho. Baadaye akasema, "Nilikuuliza. Siku ileile ya friza nilikuuliza." Nikasema ndiyo. Akasema, "Halafu nikatazama mkoba." Alirudia hilo mara mbili. Nilitaka kumshika mkono, akaondoa, lakini si kwa hasira. Akasema, "Mwambie wewe. Leo. Mimi nitamwambia yangu nikiweza."

Machi 18

Jana sikumwambia. Alikuwa na mtihani leo, ndiyo sababu niliyojipa.

Leo mvua ya kwanza imenyesha, mvua kubwa, na dukani hakuingia mtu. Tulikuwa wawili. Punje alikuwa anafuta vioo vya friza kwa gazeti. Nilizima redio. Nilikuwa nimetayarisha hotuba tangu asubuhi, yenye mwanzo na mwisho, ikapotea yote.

Nikasema, "Punje, dawa ilikuwa imekufa. Niliigandisha mimi. Humu." Nikaweka mkono juu ya friza la mwisho. Nikamweleza kila kitu: nesi niliyemkata kauli, daktari niliyemkata kauli, kichupa, benchi. Nikasema, "Wewe hukuruka hata siku moja. Ulisema kweli na mimi nikakuita mwongo. Sina la kujitetea. Naomba unisamehe."

Aliendelea kushika gazeti. Nilingoja alie, au anitukane, au acheke kama zamani anichome na neno moja la kunimaliza. Ningelipokea kwa mikono miwili.

Alisema, "Kwa hiyo tangu Desemba."

"Tangu Desemba."

"Ningekuwa nimefika wapi sasa?"

"Sijui. Daktari nitamuuliza, lakini nadhani hata yeye hawezi kujua."

Mvua ilipiga bati kiasi kwamba ilibidi asogee ili nimsikie. "Baba, yule daktari alisema twende na vichupa. Ile wiki ya tatu ya Februari. Angeviona."

"Angeuliza, na tungejua."

"Hatukwenda kwa sababu nilisema nilikuwa naruka."

Nikaona anakoelekea na sikuwa na mbio za kumzuia.

"Ningekaza tu siku mbili zaidi," alisema. "Siku mbili. Ningeendelea kusema sijaruka, mngenipeleka. Nilichoka, nikasema ndiyo ili mama aache kulia. Ni mimi niliyewafanya muache kutafuta. Mwezi mzima huo ni wangu."

Nilipiga magoti pale kwenye sakafu iliyolowa, nikawa sawa naye usoni. Nikamwambia hapana. Nikamwambia mwezi huo ni wangu, na miwili ya kabla yake ni yangu, na miaka ile tuliyokuwa tunacheka ni yangu mimi na mama yake, kwamba yeye hana hata dakika moja ndani yake. Nilimwambia kwa kila njia niliyoijua. Mdomo huu unaouza barafu ulifanya kazi leo kuliko siku zote za maisha yangu, na uliyokuwa unayasema yalikuwa ukweli mtupu.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akanifuta maji begani kwa lile gazeti, akasema, "Sawa, baba," bila kupandisha wala kushusha sauti.